Ukuta Unaotoka Jasho

“Habari za asubuhi, msikilizaji,” msomaji wa habari alisema redioni.

“Nzuri. Za kwako?” Fundi Saa alijibu.

Alijibu hivyo kila siku, huku akipaka siagi kwenye mkate. Alijua vizuri kwamba redio haisikii. Lakini siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa maneno yake pekee mpaka jioni.

Watu walimwita Fundi Saa kwa sababu ya kazi yake. Kwa miaka thelathini na minane alitengeneza saa katika kibanda cha vioo, karibu na kituo cha mabasi. Kisha mikono ilianza kutetemeka. Mkono unaotetemeka hauwezi kushika skrubu ndogo kama punje ya mtama. Akafunga kibanda. Mwaka huohuo mkewe aliugua, na hakupona.

Nyumba ikabaki na vyumba vitatu, ua mmoja na mtu mmoja.

Binti yake wa pekee aliishi mji wa mbali, safari ya basi ya siku nzima. Alipiga simu kila Jumapili.

“Baba, hujambo?”

“Sijambo.”

“Unahitaji chochote?”

“Mimi? Sihitaji kitu. Niko kamili.”

“Haya, baba.”

“Haya, mwanangu.”

Simu iliisha kabla chai haijapoa.

Lakini Jumapili moja binti alisema jambo jipya. “Baba, shule zikifungwa tutakuja. Bado wiki saba. Nitamleta na Chiriku. Tutakaa siku tisa.”

Chiriku alikuwa mjukuu wake wa miaka mitano. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Kifua chake kilikuwa dhaifu. Daktari alishawaambia wazazi wake: mtoto huyu asilale penye vumbi wala penye unyevu.

Fundi Saa alikata simu, akasimama katikati ya sebule. Siku tisa! Alikwenda kufungua chumba cha wageni. Kilikuwa safi lakini kimya. Dirisha lake lilitazama ua mtupu.

“Hapa panahitaji bustani,” alisema kwa sauti. “Mtoto akiamka tu, aone nyanya.”

Mkewe alikuwa na bustani yake kule mwisho wa ua, kando ya uzio. Sasa palikuwa na magugu tupu. Fundi Saa hakutaka kulima kule. Palikuwa mbali na bomba. Tena, kusema kweli, hakupenda kuyatazama yale magugu.

Basi akaanza. Alileta udongo kwa toroli na kuulundika chini ya dirisha, ukaegemea ukuta wa nyumba. Aliuinua mpaka usawa wa goti. Akaenda kwa mfugaji wa kuku wa mtaa wa pili, akarudi na magunia mawili ya mbolea iliyotoka bandani asubuhi hiyohiyo. Akaimwaga yote. Akapanda miche ishirini ya nyanya na sita ya bilinganya. Asubuhi na jioni alishika mpira wa maji na kumwagilia mpaka maji yakatiririka.

Hakumuuliza mtu yeyote. Maisha yake yote, watu ndio waliomuuliza yeye.

Baada ya siku nane, majani ya nyanya yaliungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Akaongeza maji. Baada ya wiki mbili miche kumi na mitano ilikuwa imekufa.

Kisha akaona doa kwenye ukuta wa chumba cha wageni, upande wa ndani, chini ya dirisha. Lilikuwa doa dogo la kijivu. Alipoligusa, vidole vilirudi na unyevu.

“Ukuta wa zamani huu,” alisema. “Unahitaji koti.”

Akanunua saruji, akapiga plasta nzito juu ya doa. Plasta haikukauka vizuri, lakini yeye hakuwa na subira. Juu yake akapaka rangi ya mafuta, ya bluu, inayong'aa kama sahani. Siku ya kwanza chumba kilipendeza. Akakaa kitandani kukitazama peke yake, akitabasamu.

Siku ya kumi rangi ilianza kuvimba. Ukuta ulitoa malengelenge kama mguu uliovaa kiatu kipya. Alipobonyeza moja, maji yalimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Na lile doa lilikuwa limepanda juu, likapita plasta yake, likawa na nukta nyeusi nyeusi. Ilikuwa kuvu. Chumba kizima kilinuka kama nguo zilizokaa siku tatu kwenye ndoo.

Akapaka rangi tena. Ikavimba tena. Mwishowe alisukuma kabati kubwa la nguo, akalibana ukutani, likafunika kila kitu.

Jumapili binti yake alipiga simu.

“Baba, chumba kinaendeleaje?”

“Kiko tayari. Kinang'aa.”

Chiriku akanyakua simu. “Babu! Chumba changu kina rangi gani?”

“Bluu.”

“Bluu ya anga au bluu ya sare ya shule?”

“Ya anga.”

“Na sitakohoa?”

Fundi Saa alitazama kabati. Chini yake, kwenye sakafu, kulikuwa na mstari mwembamba wa maji.

“Babu, umenisikia? Sitakohoa?”

“Nimekusikia,” alisema. “Mpe mama yako simu.”

Siku iliyofuata alikwenda duka la vifaa vya ujenzi kununua kopo la tatu la rangi. Muuza duka alicheka. “Rangi tena, mzee? Unapaka nyumba au unapaka barabara?”

Nyuma ya Fundi Saa alisimama mwanamke mmoja mnene, mwenye saruji kwenye nyusi. Alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya kichochoro. Alikuwa fundi wa kujenga, na mtaa mzima ulimwita Mama Mwiko, kwa sababu mwiko wa kupigia plasta haukumtoka mkononi. Tangu mazishi, Fundi Saa na yeye walisalimiana tu na kupita.

Mama Mwiko alitazama vidole vya bluu vya mzee huyo. “Shemeji, ukuta wako unatoka jasho?”

Alimwita shemeji kwa sababu yeye na marehemu walikuwa wakiitana dada.

“Hapana,” Fundi Saa alijibu upesi. “Napamba tu.”

“Haya. Ukianza kutoka jasho, nipo.”

Alirudi nyumbani na kopo lake. Akaliweka mezani. Akakaa.

Alimkumbuka mteja mmoja wa zamani. Alikuwa mwanamke aliyeleta saa ya marehemu baba yake. Alikuwa amejaribu kuifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, na kioo kilikuwa kimepasuka. Fundi Saa aliinua saa ile juu, watu wote waliokuwa pale waione, akasema, “Tazameni daktari wa upasuaji huyu!” Watu walicheka. Mwanamke yule alichukua saa yake akaondoka, na hakurudi tena.

Sasa yeye ndiye mwenye kisu cha jikoni.

Alitoka mpaka mlangoni, akarudi. Akatoka mpaka katikati ya kichochoro, akarudi tena, akajidai amesahau kofia. Mara ya tatu alifika. Alibisha hodi kwa upole sana, kama mtu anayeomba asisikike.

“Karibu!” Mama Mwiko alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni.

Fundi Saa hakukaa. “Unatoka jasho,” alisema.

“Nani?”

“Ukuta.”

Mama Mwiko alifuta miguu, akavaa ndala. “Twende tukamwone mgonjwa.”

Walilivuta kabati. Harufu iliwapiga usoni. Mama Mwiko aliinama, akalitazama doa. Fundi Saa alisubiri acheke. Na kweli alicheka, lakini si kama Fundi Saa alivyotarajia.

“Shemeji, ukuta wangu wa kwanza ulianguka kabla ya chai ya saa nne. Ukamwangukia mbuzi wa tajiri. Mbuzi alipona, mimi nikafukuzwa. Kwa hiyo usinitazame kama hakimu. Kwanza tujue maji yanatoka wapi. Una mfuko wa nailoni, ule mwangavu?”

Alikata kipande cha nailoni, upana kama sahani kubwa, akachagua mahali pasipovimba. Akakwangua rangi, akapakausha kwa kitambaa, akakibandika kipande kile ukutani kwa selotepu pande zote nne.

“Usikiguse kwa siku mbili. Matone yakitokea juu ya nailoni, upande wetu, basi unyevu uko hewani. Chumba hakipati hewa. Yakitokea nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, basi maji yamo ndani ya ukuta wenyewe.”

“Ni hivyo tu?”

“Ni hivyo tu. Wewe ulikuwa unafungua saa bila kusikiliza mlio wake?”

Baada ya siku mbili alirudi. Nyuma ya nailoni kulikuwa na matone makubwa, yameshikana kama shanga.

“Yamo ndani ya ukuta,” Fundi Saa alisema taratibu.

“Haya. Yameingilia wapi? Tutoke nje.”

Nje, Mama Mwiko alisimama mbele ya bustani. Akaitazama miche iliyokauka. Akautazama udongo ulioegemea nyumba. Kisha alipiga magoti na kuchimba kwa mwiko, karibu kabisa na ukuta. Alichimba mpaka mkono wake ukazama kufikia kiwiko.

“Njoo uone. Unauona huu mstari mweusi kati ya matofali?”

Fundi Saa aliinama. Kulikuwa na ukanda mwembamba mweusi, kama pindo la nguo.

“Huu ni utando wa kuzuia maji,” Mama Mwiko alisema. “Aliyeijenga nyumba hii alikuwa fundi kweli. Ardhi ina maji siku zote. Maji hupanda kwenye matofali, kama chai inavyopanda kwenye mkate ukiuchovya. Yakifika kwenye utando huu, yanakwama. Chini ya utando, ukuta una unyevu. Juu ya utando, ukuta ni mkavu. Miaka yote hiyo ulifanya kazi yake. Sasa wewe umeweka udongo juu yake, mpaka gotini. Maji yamepata ngazi. Yameuruka utando, yanaingia kwa juu.”

“Na mimi nimekuwa nikiyaongeza kwa mpira. Asubuhi na jioni.”

“Umeyaongeza.”

“Lakini nilipiga saruji! Saruji inazuia maji.”

“Inazuia, na hapo ndipo penye shida. Ukuta huu wa matofali ya zamani hupumua. Ukilowa, hukauka kupitia usoni. Wewe umeuziba uso kwa saruji, ukaongeza rangi ya mafuta juu. Maji yakikosa pa kutokea hapo, yanapanda juu zaidi. Ndiyo maana doa lilikua. Halafu ukaweka kabati. Kuvu hupenda giza na hewa isiyotembea. Umeijengea hoteli.”

Fundi Saa alikaa kwenye ukingo wa toroli. “Nitoe nini kwanza?”

“Kwanza toa chanzo. Udongo wote huu uondoke ukutani. Ardhi ya nje ikae chini ya utando, angalau upana wa kiganja kimoja na nusu. Iteremke kidogo kuelekea uani, mvua ikinyesha maji yakimbie nyumba. Kisha ndani. Kwangua rangi na saruji mpaka kwenye tofali, upite doa kwa urefu wa mkono. Funga kitambaa puani na mdomoni, vumbi la kuvu si la kuvuta. Kuvu iliyobaki usiisugue ikiwa kavu. Ioshe kwa maji ya sabuni, na kitambaa utupe. Madirisha wazi mchana kutwa. Kabati likae mbali na ukuta, hewa ipite nyuma.”

“Halafu nipake upya.”

“Halafu usubiri.”

“Siku ngapi?”

“Miezi. Mitatu, pengine minne. Ukuta haukauki kwa kuamriwa.”

“Mjukuu wangu anakuja baada ya wiki mbili!”

Mama Mwiko alipangusa mwiko kwenye gauni. “Shemeji, chumba hiki hakifai kulaza mtoto mwenye kifua. Ukimlaza hapa, utamsikia.”

Fundi Saa alisimama, akaanza kung'oa miche iliyokauka.

“Na bustani?” Fundi Saa aliuliza baadaye.

“Mimi ni mtu wa matofali. Kwenye nyanya sikudanganyi. Nenda kwa muuza miche wa pale sokoni. Chukua jani moja lililoungua, ukamwonyeshe.”

Muuza miche alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliligeuza jani mara mbili.

“Mbolea gani?”

“Ya kuku.”

“Ilioza kwa muda gani?”

“Ioze kwa nini? Niliitoa bandani siku hiyohiyo.”

“Basi umeipanda miche juu ya moto. Mbolea mbichi ya kuku ni kali, huchoma mizizi. Ilundike mbali na nyumba, uifunike, uigeuzegeuze. Iache miezi minne au zaidi. Ikiwa nyeusi, ikavunjika mkononi na kunuka udongo, hapo imeiva. Na maji unamwagiliaje?”

“Mengi. Mara mbili kwa siku.”

“Chomeka kidole kwenye udongo kwanza. Kidole kikitoka na unyevu, mpira uache ulipo. Tandaza nyasi kavu kuzunguka miche, udongo usikauke upesi. Unaishi wapi wewe, ambako hakuna mtu wa kuuliza?”

Fundi Saa alimweleza nyumba yake. Muuza miche alivua miwani.

“Nyumba ya yule mama wa kofia ya njano? Wewe ni nani yake?”

“Nilikuwa mume wake.”

“Pole,” alisema, na sauti yake ikapungua ukavu. “Alikuwa mteja wangu. Alikuja kila Alhamisi na jani kwenye leso. Mama huyo alikuwa anauliza! Mwaka wake wa kwanza alipanda vitunguu kichwa chini, miguu juu. Mistari mitatu mizima. Tulicheka hapa mpaka tukashikana mabega.”

“Mke wangu?” Fundi Saa aliduwaa. “Yeye alijua kilimo. Bustani yake haikuwahi kufa.”

“Ilikufa mara nyingi. Ukiwa kazini aling'oa, akapanda upya. Alinikataza kukwambia tukikutana. Alisema, ‘Mume wangu hakosei kitu. Nitaona haya.’”

Muuza miche alisema maneno hayo kwa wema, kama mtu anayetoa zawadi. Hakujua yalikoangukia.

Fundi Saa alirudi nyumbani kwa miguu. Alipita ua mpaka mwisho, kwenye uzio, akasimama mbele ya yale magugu. Miaka thelathini na minne waliishi nyumba moja. Alidhani upweke ulianza siku ya mazishi. Sasa aliona kwamba mkewe aliuonja kabla yake, mle mle ndani, akiwa na vitunguu vyake vya kichwa chini na hana mtu wa kumcheka kwa mapenzi.

“Ungeniambia,” alisema. Kisha akajibu mwenyewe. “Ungeniambiaje?”

Hakusubiri Jumapili. Alimpigia binti yake mchana uleule.

“Baba? Kuna nini? Umeugua?”

“Siumwi. Sikiliza. Chumba hakiko tayari. Nilikudanganya. Ukuta una maji na kuvu, nimeuharibu mwenyewe kwa mikono yangu. Nyanya zimekufa. Msije likizo hii. Chiriku atakohoa.”

Fundi Saa alidhani simu imekatika.

“Upo?”

“Nipo.” Binti yake alikuwa analia. “Baba, tangu mama afariki sijui lolote kuhusu wewe. Yeye ndiye aliyekuwa ananiambia. Umekula, hukula, una mafua, umekasirika. Sasa kila nikipiga unaniambia uko kamili. Mtu kamili anatembelewa kwa nini? Nilidhani hututaki.”

“Siwataki?” Fundi Saa alitafuta maneno. Hakuwa mtu wa maneno. “Mimi namjibu mtu wa redio,” alisema mwishowe. “Kila asubuhi. Ananisalimia, namjibu.”

Binti yake alicheka ndani ya machozi. “Anakujibu?”

“Bado.”

Walikubaliana likizo ya pili, miezi minne mbele. Simu ile ilichukua saa nzima.

Kazi ilianza. Aliondoa udongo toroli kwa toroli. Mikono yake ilitetemeka, lakini sepeto si skrubu, haikujali. Alikwangua ukuta kwa siku sita, kitambaa usoni. Mikate ya saruji ilianguka, na nyuma yake matofali yalikuwa meusi kwa maji. Jioni alikaa kwenye kiti kilichokuwa cha mkewe, amechoka, na nyumba ilikuwa kimya kama zamani. Kukiri kosa hakukuleta watu mezani. Alikula peke yake, akaosha sahani moja.

Ila kila baada ya wiki mbili Mama Mwiko aliingia bila kubisha. Aliweka kiganja ukutani, kama mtu anayepima homa.

“Bado.”

“Mwezi mzima, bado?”

“Bado, shemeji. Leta chai.”

Wakinywa, Mama Mwiko alimsimulia habari za marehemu ambazo Fundi Saa hakuzijua. Nyingine zilimfurahisha. Nyingine zilimuuma. Zote alizitaka.

Alilima upya kule kando ya uzio, hatua ishirini kutoka kwenye nyumba. Alitumia mbolea iliyoiva aliyouziwa na muuza miche. Alitandaza nyasi kavu. Kila Alhamisi alikwenda sokoni na swali. Akikosa swali, alikwenda hivyohivyo.

Mwezi wa nne wa kusubiri ulipoanza, Mama Mwiko aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Wakabandika nailoni tena. Baada ya siku mbili ilikuwa kavu mbele na nyuma.

“Sasa,” alisema. “Plasta ya chokaa, si saruji. Chokaa huacha ukuta upumue. Vaa glavu na miwani, chokaa huunguza ngozi na macho. Ikikauka vizuri, paka rangi ya maji. Kopo la rangi ya mafuta mpe adui yako.”

Mama Mwiko alipiga plasta, Fundi Saa akachanganya. Kazi hiyo iliisha siku moja. Wiki tatu baadaye, plasta ilipokauka, Fundi Saa akapaka rangi ya maji, bluu ya anga.

Basi lilifika Ijumaa alasiri. Chiriku alishuka akiwa tayari anaongea. Aliongea njia nzima, akaongea akila, akaongea mpaka usingizi ulipomkatiza katikati ya neno. Asubuhi binti alimkuta Fundi Saa amesimama kwenye ujia, sikio lake karibu na mlango wa chumba.

“Baba, unafanya nini?”

“Nasikiliza.”

Walisikiliza pamoja. Ndani mtoto alipumua taratibu, kifua kimenyamaza. Hakukohoa siku hiyo, wala siku zote tisa. Alikula nyanya nyingi mpaka mama yake akamkemea. Na jioni moja Fundi Saa alimsimulia binti yake habari ya vitunguu vya kichwa chini. Binti alicheka, kisha akamshika babaye mkono unaotetemeka, wakakaa hivyo.

Siku ya kumi waliondoka. Fundi Saa alirudi kutoka kituoni, akafungua mlango. Nyumba ilimpokea kwa ukimya wake. Kitanda cha wageni kilikuwa kimetandikwa. Kwenye kiti kulikuwa na soksi moja ndogo. Alisimama kidogo, akaizoea tena hewa ile.

Kisha akaingia jikoni. Binti yake alikuwa amepika maharage siku mbili zilizopita, laini, yenye mchuzi mzito. Yeye maharage yake siku zote yalikuwa magumu kama kokoto. Miaka miwili alikuwa anayala hivyohivyo, kimya.

Alichukua simu. Binti yake alikuwa bado ndani ya basi. Mngurumo wa injini ulisikika.

“Baba? Tumesahau kitu?”

“Soksi. Lakini si hilo. Yale maharage. Uliyafanyaje mpaka yakalainika?”

“Kwanza unayaloweka tangu jana yake. Halafu yale maji unayamwaga, unaweka mapya. Chumvi usiitie mapema...”

“Ngoja,” Fundi Saa alisema, akivuta droo ya meza. “Usikate. Natafuta kalamu.”